Mkono Mmoja Kutoka Kila Ng'ambo

Noor na Aden, nisameheni kwa mwandiko huu. Herufi zangu hazikai kwenye mstari, na najua kuna maneno nitakayoyaandika vibaya na sina wa kunisahihishia. Niliishia darasa la nane. Tangu hapo nimeshika kamba mara nyingi kuliko kalamu, na ukurasa mmoja unanimaliza jioni nzima. Lakini Noor alinitumia ujumbe wa sauti akiuliza afanye nini mto ukianza kuja mwekundu kwa udongo wa mafuriko, na mimi siwezi kujirekodi. Nikisikia sauti yangu kwenye simu naona aibu, nafuta. Kwa hiyo nawaandikia.

Hapa Garissa, sokoni ninapopakia mbuzi kwenye malori, watu wananiita mstaafu. Kwao ni mzaha, kwa sababu sina hata unywele mmoja mweupe. Mimi sicheki sana. Nilifanya kazi kwenye kivuko chetu, mnapofanya kazi nyinyi sasa, pale chini ya Kotile, tangu nilipotoka shuleni mpaka mwaka jana, na kazi ile imekwisha. Basi nitaandika kama wastaafu wanavyoandika, kuanzia siku ya kwanza. Mtaona nimekasirika. Msifikiri nimewakasirikia nyinyi. Sehemu ndogo tu ni yenu, na nitawaonyesha ni ipi.

Siku ya kwanza nilipelekwa na adeer yangu, Salat, mdogo wake baba. Yeye ndiye aliyekuwa akifanya kazi hiyo, lakini mgongo ulikuwa umemkataa. Tulimkuta mwenzake, Buya, amekaa juu ya mbao za feri anakula ndizi. Buya ni Mpokomo wa ng'ambo ya magharibi, mkulima wa ndizi na mahindi, mtu mfupi mwenye mikono mipana.

"Buya, huyu Dahir ndiye mkono wetu sasa," adeer alisema. "Haongei sana."

"Afadhali," Buya akamjibu. "Wewe umeongea miaka yote hii, masikio yangu yamechoka kuliko mgongo wako."

Mimi nilisimama nikitazama miguu yangu. Buya alinipa nusu ya ndizi, kisha akanipa kifaa. Nyinyi hamkukiona, kwa hiyo nitakieleza. Feri yetu watu waliiita feri kwa heshima tu. Ilikuwa mbao juu ya mapipa, na waya mnene uliofungwa kwenye nguzo ukingo huu na nguzo ukingo ule. Kifaa kilikuwa kipande cha mti wa mkwaju, urefu wa mkono, kilichochongwa mfuo. Unaubana waya ndani ya mfuo, unaegemea, unatembea kuelekea nyuma ya feri, na feri inakwenda mbele chini ya miguu yako. Ukifika mwisho unaachia, unarudi mbele, unabana tena. Ukiushika waya kwa mkono mtupu unaacha ngozi yako pale. Niliiacha siku hiyo hiyo, kabla ya adhuhuri.

Tulipokuwa tukingoja abiria, Buya alinisimulia habari za vyombo vilivyotangulia. Mwanzo ilikuwa mitumbwi ya watu wake, ya mti mmoja, iliyosukumwa kwa upondo. Mfugaji alipanda na sukari yake, na ng'ombe waliogelea pembeni wakishikwa pembe. Baadaye mfanyabiashara mmoja akaunganisha mapipa, na mafuriko yakayachukua. Kisha yakaja mapipa mengine na waya. Buya mwenyewe alikuwa amefanya kazi huko chini, mto unapoingia baharini, kwenye mashua za kuvusha watu mdomoni mwa mto. Alisema kule maji hupanda na kushuka kila siku, na kuna saa ambapo mto unarudi ulikotoka. Mtu akivuka bila kujua saa hiyo, analala kwenye tope na mikoko mpaka maji yampende tena. Alipopanda kuja kwetu aliona mto wetu ni rahisi. Unakwenda upande mmoja tu. "Shida ya hapa si maji," aliniambia.

Shida ya hapa mnaijua. Kabla sijaanza kazi kulikuwa na mwaka mbaya kati ya wafugaji wa upande wetu na wakulima wa upande wao. Sitaandika nani alianza, kwa sababu kila ukingo una jibu lake. Ninachojua ni kwamba feri ilisimama. Waliopanda huku waliogopa kushuka kule, na wa kule hivyo hivyo. Mama waliotaka hospitali walibaki nyumbani. Wazee walipokutana hatimaye, walikutana juu ya feri yenyewe, katikati ya mto, maana hakuna aliyekubali kukaa ukingoni kwa mwenzake. Wakakubaliana neno moja. Feri haiondoki mpaka waya uwe umeshikwa na mkono mmoja kutoka kila ng'ambo. Mmoja akiwa mgonjwa, ukingo wake unatoa mwingine. Usipotoa, feri inalala. Ndiyo maana adeer alisema mkono wetu. Hakumaanisha mkono wa familia.

Kazi yenyewe ilikuwa mambo madogo mengi. Kwenye mbuzi, tafuta yule anayetangulia malishoni, mpandishe yeye, wengine watafuata wenyewe. Ukianza na mwingine utasukuma asubuhi nzima. Punda asimame akitazama alikotoka, si anakokwenda, la sivyo ataruka kabla hamjafika. Pikipiki ifungwe mafuta, na dereva ashuke hata kama anasema yeye ni bingwa. Na mfugaji anayevuka na kundi wakati wa kiangazi asiachwe ukingoni ajitafutie njia. Buya alishuka naye kila mara, akamtangulia kwa mguu kati ya mashamba, akamwonyesha njia ya ng'ombe inayopita mbali na mahindi. Mimi nilibaki na feri. Kundi likitoka upande wao, mimi ndiye niliyetangulia. Tulilipwa kuvuta waya. Kutangulia hakuna aliyetulipa wala kutuagiza, na sasa naona ndiyo ilikuwa kazi.

Tulikuwa na siku ngumu. Kuna jamaa mmoja wa Sangailu aliyepanda na fahali, akidai ni mpole. Katikati ya mto fahali akaona kivuli chake majini, akaamua kupigana nacho. Feri ikainama mpaka maji yakafika magotini kwa upande wangu. Buya akavua shati, akalitupa juu ya macho ya fahali, na mnyama akasimama kama ukuta. "Mpole kweli," Buya akamwambia mwenye fahali. "Bado hajaua mtu leo." Yule jamaa hakutuaga aliposhuka.

Niliishi hivyo, na nikaridhika. Kisha boti ikaja.

Aliyekuja nayo nitamwita msimamizi, inatosha. Alitumwa na ofisi ya kaunti, alitoka bara, alikuwa mtu wa adabu, alinisalimia kwa mkono. Sitaki mfikiri alikuwa mtu mbaya. Ingekuwa rahisi kwangu kama angekuwa mbaya. Alileta boti ya plastiki ngumu yenye injini, ile mnayoiendesha, na akaamuru waya ukatwe kwa sababu ungeshika propela. Mafundi waliukata asubuhi. Ulizama kwa mlio, na Buya akavua kofia.

"Hii kazi ni ya mtu mmoja," msimamizi alisema. "Kijana atafundishwa injini. Na huyu mzee, yeye anafanya nini hapa?"

Nikasema, "Ni mkono wa ng'ambo."

"Ng'ambo ni kaunti nyingine. Wana ofisi yao."

"Bwana," Buya akasema, "nikishuka mimi, kule hawatapanda."

"Kwa nini wasipande? Boti ni mpya."

"Hawaogopi boti."

"Wanaogopa nini, basi?"

"Kurudi jioni wakute mambo yamebadilika, na ndani ya chombo hakuna wa kwao."

Msimamizi alitikisa kichwa pole pole, kama mwalimu. "Mzee wangu, huo ni ukabila. Hatuwezi kumpa mtu kazi kwa sababu ya kabila lake. Siku hizi tunatafuta anayejua kazi."

Nimeliwazia jibu lile tangu siku hiyo, na kila nikiliwazia damu inanipanda. Hapa sokoni nikifunga mbuzi naliwazia, mbuzi wanalalamika nimewabana. Aliliita ukabila jambo lile moja lililouweka ukabila nje ya feri. Sisi wawili tulikuwa pale ili mama wa Kipokomo asihitaji kujua mimi ni mwema, na mfugaji wetu asihitaji kujua Buya ni mwema. Hakuna aliyelazimika kumpenda mwenzake. Ilitosha kuhesabu vichwa viwili na kupanda. Huyu bwana akatoa kichwa kimoja, akasema ametuletea usawa. Na alisema kwa neno zito, neno ambalo hata mimi shuleni nilifundishwa kwamba ni baya, ndiyo maana hakuna aliyeweza kumjibu.

Buya alichukua kofia yake na panga lake, akapiga kelele kwa mtu wa mtumbwi amvushe. Hata kuvushwa kwa boti mpya hakupewa.

Siku ya kwanza nikiwa peke yangu niliivusha boti tupu hadi ng'ambo. Watu walikuwa wamesimama na vikapu vyao vya soko. Mama Hadija, ambaye nimemvusha na ndizi zake miaka yote, alikuja mpaka majini.

"Buya yuko wapi?"

"Yuko nyumbani, mama."

"Anaumwa?"

"Haumwi. Wamemwondoa."

Akaitazama injini. "Na jioni nani anaturudisha?"

"Mimi."

"Wewe nakujua, Dahir. Mwanangu, siku ukiumwa wewe, atatuvusha nani?"

Aliinua kikapu chake, akageuka, na wengine wakamfuata. Walianza kutumia mitumbwi yao midogo tena, ile ambayo mamba anaweza kuipindua kwa bega. Msimamizi alisema watu wa vijijini huchelewa kuzoea vitu vipya.

Kisha kikaja kiangazi. Wafugaji wetu walivuka na mbuzi kwa makubaliano ya zamani, kunywa maji na kula majani ya ng'ambo. Bashir, mnamjua, yule mwenye sauti, alikuwa na kundi kubwa. Nililivusha kidogo kidogo, na mdogo wake Ilyas akashuka nalo. Ilyas aliniuliza, "Walaal, ndugu yangu, njia ni ipi?" Nikamwonyesha kwa kidole. Siwezi kuacha injini, na hata ningeiacha, nani angekubali nitangulie katikati ya mashamba yasiyo ya watu wangu? Kidole si mguu. Siku iliyofuata mbuzi waliingia kwenye mahindi ya dada yake Buya, wakala, na wakulima wakawafungia zizini pamoja na hasira zao.

Habari ilifika upande wetu kabla ya chai. Ilipofika ilikuwa tayari imekua. Bashir alikuja kivukoni na vijana watano, kila mmoja na fimbo, na wawili niliona wana mapanga.

"Washa," aliniambia.

"Tumwite Buya kwanza."

"Buya gani? Ilyas amepigwa kule. Wamemvunja mkono."

"Nani amesema?"

"Simu imesema."

"Simu ya nani?"

Akaigonga boti kwa fimbo. "Watu wanasema, Dahir. Washa."

Msimamizi alikuwa kwenye kivuli cha pikapu yake. Aliona foleni ya abiria, na sijui kama aliona kingine. "Wapeleke hao," akaniita. "Wamekaa sana."

Zamani jambo hili lilikuwa na utaratibu wake. Mwenye mbuzi anapanda na mtu mmoja, fimbo zinabaki huku, na sisi wawili tunatangulia kuongea. Hakuna aliyeubishia, kwa sababu waya ulikuwa mikononi mwetu wote wawili, na mmoja akiachia mfuo feri haiendi. Sasa nilikuwa mtu mmoja na injini inayowaka kwa kidole.

Nilichomoa mpira wa mafuta, nikauvaa shingoni, nikashuka nikakaa kwenye mchanga.

"Unajua maana yake?" msimamizi akauliza. "Hiyo ni kuacha kazi."

"Najua."

Bashir akanisimamia na fimbo. "Umekuwa wa kwao sasa?"

Niliogopa. Siku zote nilijua mimi ni mwoga wa maneno, na hapo nikajua ni mwoga wa fimbo pia. Lakini mpira ulikuwa shingoni mwangu, na boti haikuwa na kwingine kwa kunywea. Nikasimama, nikaweka mikono mdomoni, nikaita ng'ambo. Mimi ambaye darasani nilikaa nyuma ili nisiulizwe, niliita jina la Buya mpaka koo likauma, mbele ya watu wote wa kivuko.

Sauti ikanijibu. Tulikaa. Bashir alitembea huku na huku. Mwishowe mtumbwi ukatoka kwenye matete, Buya nyuma na upondo, na mbele amekaa Ilyas, mikono yote miwili mizima, mmoja una ndizi.

Bashir aliingia majini mpaka kiunoni kumpokea. "Wamekupiga?"

"Nani?" Ilyas akauliza.

"Wao."

"Dada yake huyu mzee alinifokea. Anafokea vibaya, walaal. Halafu akanipa uji."

Kijana mmoja wa Bashir akacheka, akaacha alipotazamwa. Buya alishuka, hakumsalimia msimamizi. Akakaa mchangani karibu nami, na Bashir ikabidi akae pia, kwa sababu huwezi kumfokea mzee aliyekaa.

"Mbuzi wako wamekula chakula cha dada yangu," Buya akamwambia. "Mahindi hayatarudi. Yeye ana watoto wadogo. Wewe una mbuzi wenye maziwa."

Bashir alichora mchangani kwa fimbo. Alibisha, akabisha tena, akataja mbuzi wenye maziwa kidogo, Buya akakataa. Mwishowe Bashir akasema wale wawili weupe watabaki kule wakikamuliwa mpaka mvua. Wakapeana mikono. Bashir hakunipa mkono mimi, na mpaka leo hajanipa. Mchana huo huo nilirudisha mpira wa mafuta, nikakusanya nguo zangu. Huko ndiko kustaafu kwangu.

Watu wakisikia habari hii husema alhamdulillahi, yaliisha vizuri. Hapo ndipo ninapokasirika zaidi. Yaliisha vizuri kwa sababu siku ile Buya alikuwa shambani karibu na maji na akasikia. Zamani hatukutegemea nani yuko karibu. Sasa Buya amehamia kwa binti yake, mbali na mto. Msimamizi naye amehamishwa, sikuuliza wapi. Waya umelala chini ya mto.

Noor, uliuliza kuhusu maji mekundu. Yakibeba majani makavu, vuka, lakini elekeza pua ya boti juu ya mto kuliko unakotaka kufika, maji yatakushusha yenyewe. Yakianza kubeba miti yenye mizizi na udongo wake, funga boti hata kama abiria anakutukana. Usizime injini katikati kuokoa mafuta. Weka upondo mrefu ndani siku zote, na mtu wa pili ajue kuutumia.

Na huyo mtu wa pili ndiye sehemu yenu ya hasira yangu. Nimesikia mko wawili sasa, kwa sababu ofisi imeona kweli mtu mmoja hatoshi. Lakini Noor na Aden mmezaliwa boma moja na mnakula sahani moja. Vichwa viwili vya ukingo mmoja ni kichwa kimoja. Mama Hadija bado yuko kwenye mtumbwi. Mkiniambia ofisi ndiyo iliyowachagua, ni kweli, lakini ofisi haiko kivukoni asubuhi. Nyinyi mko. Vukeni mkawaombe wazee wao watoe mtu. Mmoja wenu ashuke ampishe, agawane naye zamu. Kiangazi kinakuja, na Bashir bado ana mbuzi.

Niandikieni. Karatasi mpeni dereva yeyote wa lori la mbuzi, aulize Dahir mpakiaji, nitaipata. Nataka jina la mtu wa ng'ambo anayekaa nanyi botini, na jina la baba yake, na kama watu wake wameanza kupanda. Kama hamna jina, niandikieni hivyo hivyo, msinifiche. Nitapanda lori tupu linaporudi, nije nisimame kwenye baraza mbele ya wazee wa pande zote na ofisi ikiwapo, niseme haya yote kwa mdomo wangu. Nyinyi mnanijua. Mnajua kusema mbele ya watu kungenigharimu nini.